Safu ya 16K iliyokuwa kimya: kisa cha kupima ukubwa wa kurasa kwenye keneli ya arm64

Jedwali la matokeo ya kupima keneli, moyo wa Linux, lilikuwa na safu tatu, moja kwa kila ukubwa wa ukurasa wa kumbukumbu. Ya kwanza, 4K, kijani tupu. Ya tatu, 64K, kijani pia, ukiacha alama tatu nyekundu. Katikati, kwenye 16K, palikuwa na maneno mawili tu: "muda umekwisha". Aliyeandaa ripoti alikuwa ameongeza sentensi moja chini yake, kwamba mashine ya majaribio inasumbua, 16K itarudiwa baadaye, na keneli inaweza kuendelea na safari yake.

Nilipewa niipitie kabla haijaendelea. Siku mbili baadaye nilikuwa ninaamini karibu kinyume cha yote yaliyoandikwa pale. Safu ya 16K haikuwa na hitilafu yoyote, si ya keneli wala ya mashine. Safu ya 64K, ile ya kijani, ndiyo ambayo sehemu kubwa yake haikuwa imepimwa kabisa.

Tuanze na kinachopimwa. Prosesa haitafsiri anwani za kumbukumbu baiti kwa baiti; inazitafsiri kwa mafungu, na fungu moja ndilo linaloitwa ukurasa. Kwenye x86, familia ya prosesa za Intel na AMD, swali la ukubwa halimsumbui mtu sana, kwa kuwa ukurasa wa msingi ni KiB 4 (baiti 4096, yaani 4K) na hakuna wa kuchagua. Zile za MiB 2 na GiB 1 ni nyongeza juu ya msingi huo. Kwenye arm64, prosesa za Arm za biti 64, mambo ni tofauti. Usanifu unaruhusu msingi wa KiB 4, 16 au 64, na Linux inataka uchague mmoja wakati wa kukompaili, yaani kuijenga. Ukishachagua umechagua: hakuna chaguo la kuwashia mashine litakalobadilisha. Na mtengenezaji wa prosesa naye ana uhuru wa kuziacha baadhi ya saizi hizo nje ya silikoni yake.

Kwa hiyo wenye kauli ni watatu. Prosesa inasema inaweza nini, keneli inasema imejengwa kwa nini, na programu zinazokaa juu zina dhana zao, mara nyingi zilizoandikwa na mtu ambaye hajawahi kuona ukurasa usio wa baiti 4096. Jaribio linalouliza mmoja tu kati ya hao linapata jibu la huyo mmoja.

Wala hili si zoezi la darasani. Prosesa ya M1 ya Apple inakubali 4K na 16K, haikubali 64K, na mradi wa Asahi Linux, unaoipeleka Linux kwenye kompyuta hizo, ulichagua 16K kwa sababu DART, kipande kinachosimamia anwani za vifaa vya pembeni, kimejengwa kwa 16K. Raspberry Pi 5 inakuja na keneli ya 16K. Red Hat waliitoa Linux yao, RHEL 7 na 8, kwa arm64 zikiwa na 64K, kisha kwenye RHEL 9 wakarudi 4K na kuiacha 64K kama keneli ya hiari. Android ilifungua mlango wa 16K kuanzia toleo la 15. Anayesema keneli yake inafanya kazi kwenye arm64 baada ya kupima 4K peke yake amesema theluthi moja ya jambo.

Kimya cha 16K

Nilianza na ile iliyokwama. Amri ya kuwasha mashine pepe kwa QEMU, programu inayoigiza kompyuta, ukiondoa mapambo, ilikuwa hivi:

qemu-system-aarch64 -M virt -cpu cortex-a57 -m 1G -nographic -kernel Image -append "earlycon console=ttyAMA0"

Hakuna kilichotokea. Si ujumbe wa hofu (panic) ambao keneli huuandika ikianguka, si herufi moja. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Hili lilikuwa limejaa keneli nzima na halikuvuma hata kidogo. Niliongeza muda wa kusubiri kutoka dakika tano hadi thelathini, jambo ambalo nalikiri kwa aibu kidogo, maana kuongeza muda ndilo jambo la kwanza tunalofanya tukiwa hatuna wazo.

Kilichonizindua ni kutazama matumizi ya prosesa kwenye mashine mwenyeji. Keneli inayozunguka bila mwisho kwenye hitilafu hula prosesa nzima. Hii ilikuwa haili kitu. QEMU ilikuwa imelala, maana yake keneli iliyomo ndani ilikuwa imeomba kulala. Mashine iliyoanguka hailali kwa hiari yake.

Nikaiwasha tena nikiwa nimeongeza -s ili gdb, chombo cha kuchungulia programu inayokimbia, iweze kujiunga, nikaikatiza, nikatazama ilipo. Anwani ilikuwa ya kimwili, kwenye eneo la 0x40000000 ambako RAM ya ubao wa virt huanzia, si zile anwani ndefu zinazoanza na ffff ambako keneli huishi ikishaamka. Yaani kitengo cha kutafsiri anwani kilikuwa hakijawashwa bado. Maelekezo yaliyokuwa mbele ya macho yangu yalikuwa matatu: wfe, wfi, kisha kuruka nyuma kwenye lile la kwanza. Subiri tukio, subiri ukatizo, rudia. Nilipolinganisha na msimbo wa head.S, faili la mwanzo kabisa wa keneli, mahali hapo pana jina: __no_granule_support.

Jina limejieleza lenyewe. Keneli, kabla ya kuwasha tafsiri ya anwani, inaiuliza prosesa kama inaifahamu saizi iliyojengewa. Ikijibiwa hapana, haina pa kwenda. Haiwezi kuandika kwenye skrini kwa sababu earlycon, chaguo linaloiruhusu kuandika mapema, husomwa baadaye sana, ndani ya setup_arch, na huko hakufikiki bila jedwali la kurasa linalofanya kazi. Basi inalala. Ni uamuzi wa busara na ni mbaya kwa anayepima, kwa kuwa keneli iliyokataa kwa adabu na keneli iliyokufa zina sura moja ukizitazama kwa nje.

Sehemu ya prosesa inayoulizwa, yaani rejista, ni ID_AA64MMFR0_EL1. Kwenye cortex-a57 ya QEMU inasomeka 0x00001124. Hapa pana mtego ambao nadhani umewahi kumnasa kila aliyeandika msimbo wa kuisoma kwa haraka. Biti 31 hadi 28 zinazungumzia 4K, biti 27 hadi 24 zinazungumzia 64K, biti 23 hadi 20 zinazungumzia 16K. Zote tatu kwenye thamani ile ni sifuri. Ungetarajia sifuri iwe na maana moja. Haina. Kwa 4K na 64K, sifuri ni "ipo", na "haipo" huandikwa 0xf. Kwa 16K, sifuri ni "haipo", na 1 ndiyo "ipo". Thamani moja, sehemu tatu, maana mbili. Kwa hiyo cortex-a57 inakubali 4K, inakubali 64K, na inakataa 16K, na hilo lote limeandikwa kwa sifuri tatu mfululizo.

Jibu la kasoro yenyewe lilikuwa neno moja kwenye amri. Ningeweza kuweka -cpu max, inayokubali kila saizi, lakini sikupenda. Prosesa hiyo haipo duniani, na sifa zake hubadilika kadiri QEMU inavyobadilika, hivyo jaribio lililopita leo linaweza kushindwa mwakani bila keneli kuguswa. Nilichagua cortex-a76, ambayo rejista yake inasomeka 0x00101122: ile 1 iliyosimama kwenye biti ya 20 ndiyo 16K. Keneli ikaamka mara moja ikaandika kurasa mbili za ujumbe bila pumzi.

Jambo la pembeni. Keneli ileile ikiwashwa kupitia UEFI, programu ya kuwashia inayokuja na mashine, badala ya -kernel, inakataa kwa sauti: kipande kinachotangulia hukagua rejista hiyohiyo na kuandika kwamba keneli ya saizi hiyo haikubaliki na prosesa hii, kwa sababu wakati huo UEFI bado ipo na inajua kuandika. Vilevile kwenye mashine yenye viini vya prosesa vya aina tofauti, kiini cha pili kikikosa saizi, kile cha kwanza kinakitangaza kwenye logi. Ukimya ni wa kiini cha kwanza tu, kwenye njia fupi ya kuwasha. Sisi tulikuwa tumeichagua njia hiyo kwa sababu ni ya haraka.

Kijani cha 64K

Sasa upande ambao hakuna aliyekuwa na shaka nao. Nilikuwa na sababu moja ya kuutilia shaka: seti ya majaribio ya kumbukumbu, ile iliyomo kwenye tools/testing/selftests/mm, ilikwisha haraka mno kwenye 64K kuliko kwenye 4K. Kurasa kubwa hupunguza kazi, ni kweli, lakini mwanafunzi anayetoka chumba cha mtihani dakika ya kumi ama ni bingwa ama ameacha maswali.

Aliacha maswali. Majaribio hayo, yaitwayo kselftest, hurudisha 0 yakifaulu, 1 yakishindwa, na 4 yakirukwa. Skripti yetu ya kukusanya matokeo ilikuwa inapaka kijani kwa 0 na kwa 4. Aliyeiandika alikuwa na hoja: jaribio linalohitaji kifaa ambacho mashine haina lisihesabiwe kuwa kosa. Hoja hiyo inasimama kwa kifaa. Haisimami pale ambapo kilichokosekana ni kitu chenyewe tunachopima.

Na kilichokosekana kilikuwa kurasa kubwa. Hesabu yake inafaa kufuatwa, kwa kuwa ndiyo inayoeleza kila kitu. Kila ingizo la jedwali la kurasa lina baiti 8. Jedwali moja hukaa ndani ya ukurasa mmoja. Ukurasa wa KiB 4 unabeba maingizo 512, na 512 mara KiB 4 ni MiB 2. Ndiyo saizi ya ukurasa mkubwa tuliyoizoea. Ukurasa wa KiB 16 unabeba maingizo 2048, na matokeo ni MiB 32. Ukurasa wa KiB 64 unabeba 8192, na matokeo ni MiB 512. Ukurasa ukikua mara 16, ukurasa mkubwa unakua mara 256, maana vinavyokua ni viwili: idadi ya maingizo, na kile ambacho kila ingizo linakielekezea.

Mashine pepe yetu ilikuwa na GiB 1. Ndani ya GiB 1 zimo nafasi mbili tu za MiB 512 zilizopangwa sawasawa. Ya kwanza imekaliwa na keneli yenyewe. Ya pili imekwisha kumegwa, kwa sababu mgao wa mwanzo kabisa wa kumbukumbu huchukuliwa kutoka juu kushuka chini. Majaribio yakaomba ukurasa mkubwa, /proc/meminfo ikasema Hugepagesize ni kB 524288, nr_hugepages, idadi ya zilizopatikana, ikabaki 0, yakarudisha 4, skripti ikapaka kijani. Kila mmoja kwenye mnyororo huo alifanya kazi yake barabara.

Tulipandisha kumbukumbu hadi GiB 6 na kuhifadhi kurasa nne za MiB 512 wakati wa kuwasha, kupitia hugepagesz na hugepages kwenye mstari wa amri. Kisha nikaongeza mzunguko wa pili wenye default_hugepagesz=2M. Watu wengi hudhani 64K ina kurasa kubwa za MiB 512 tu. Ipo njia ya katikati: arm64 ina biti inayoiambia prosesa kwamba maingizo kadhaa yaliyofuatana ni kitu kimoja, na kwenye 64K maingizo hayo ni 32, ambayo ni MiB 2 kamili. Ni msimbo tofauti ndani ya keneli, na hakuna jaribio letu hata moja lililokuwa limeugusa kwenye saizi ile.

Nyekundu tatu

Zile alama tatu nyekundu zilikuwa za kweli, ila hakuna hata moja iliyokuwa ya keneli.

Ya kwanza ilikuwa eneo la swapu, sehemu ya diski inayoisaidia kumbukumbu, lililokataa kuwashwa. Alama inayolitambulisha, SWAPSPACE2, ina herufi kumi na huandikwa mwishoni mwa ukurasa wa kwanza. Taswira ya diski ilitengenezwa kwenye mashine ya 4K, hivyo alama ilikuwa kwenye baiti ya 4086. Keneli ya 64K inaitafuta kwenye baiti ya 65526 na haikuti kitu. swapon ina chaguo la --fixpgsz linaloliandika upya eneo, nasi tukalitumia tukaendelea.

Ya pili ilikuwa maktaba moja iliyokataliwa na kipakiaji cha glibc, maktaba ya msingi ya C, kwa sababu mpangilio wa sehemu zake haulingani na ukurasa. readelf -lW ilionyesha 0x1000 kwenye safu ya mpangilio. Kiunganishi cha arm64 kikiachwa kifanye kazi kwa kawaida yake huweka 0x10000, inayokubalika kwa saizi zote tatu; mtu fulani alikuwa amepitisha -z max-page-size=4096 ili faili lipungue. Lilipungua. Maktaba hiyohiyo ilikuja kukataliwa na 16K nayo ilipoanza kuwaka, na hapo ndipo nilipoona gharama ya safu iliyokaa kimya: tungeliona tatizo hili mara mbili, kwa ushahidi uliokubaliana, tangu siku ya kwanza.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda, kama inafaa kusema hivyo kuhusu kosa. Tulikuwa na majaribio mawili ya nyumbani kuhusu ulinzi wa kumbukumbu, yaliyoandikwa na mkono mmoja. Yote yalianza kwa kuomba baiti 8192 kwa mmap na kuiita hiyo "kurasa mbili", kisha yakaita mprotect kwenye p + 4096, p ikiwa anwani ya mwanzo wa eneo hilo, kuondoa ruhusa zote. La kwanza liliandika kwenye ukurasa wa pili na kutarajia SIGSEGV, ishara ya kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa. La pili liliandika kwenye ukurasa wa kwanza na kutarajia amani.

Kwenye 64K, p + 4096 si mwanzo wa ukurasa. mprotect ikarudisha EINVAL, yaani ombi si halali, na hakuna aliyeitazama. Ruhusa hazikubadilika popote. Jaribio la kwanza likaandika, halikuadhibiwa, likashindwa: nyekundu. La pili likaandika, halikuadhibiwa, likafaulu: kijani. Kasoro ileile, mstari uleule, rangi mbili. Mtu alikuwa ametumia asubuhi nzima akitafuta hitilafu ya mprotect ndani ya keneli kwa kufuata ile nyekundu, na kijani ya pili ikawa shahidi wake kwamba "sehemu ya ulinzi inafanya kazi, ila si yote".

Rekebisho ni kuuliza badala ya kukariri. Keneli huipa kila programu saizi ya ukurasa inapoianzisha, kwenye AT_PAGESZ, na sysconf(_SC_PAGESIZE) huirudisha. Niliitafuta 4096 kwenye msimbo wote wa majaribio. Nyingine zilikuwa halali, ukubwa wa kizuizi cha diski au bafa ya kusomea, na hizo hazigusiki. Kubadilisha kila 4096 kwa pupa ni namna nyingine ya kosa lilelile. Zilizokuwa kurasa zilizojificha nilizibadilisha, na kwenye kila mprotect, munmap na madvise nikaweka ukaguzi wa jibu.

Tulichobadilisha kwenye utaratibu

Kuhusu yaliyorukwa tulibishana. Mwenzangu alitaka kila kinachorukwa kihesabiwe kushindwa, nukta. Mimi niliona hilo litamfanya kila mtu azoee nyekundu ndani ya wiki moja. Tulikubaliana kwamba kila saizi iwe na orodha yake ya majaribio yanayoruhusiwa kurukwa, na kila jina liandikwe sababu. Kitu kisichokuwemo kwenye orodha kikirukwa, ripoti haitoki. Rangi nayo ikabadilika: kilichorukwa sasa ni kijivu.

Kisha, kabla ya jaribio lolote, skripti inawauliza wote watatu. Prosesa inaulizwa kwa rejista. Programu zinaulizwa kwa getconf PAGESIZE ndani ya mashine ikishawaka. Na keneli haiulizwi kwa jina la folda ilimotoka; inaulizwa kwa faili lenyewe. Kichwa cha Image ya arm64 kina bendera kuanzia baiti ya 24, na biti 1 na 2 za bendera hizo hutaja saizi: 1 ni 4K, 2 ni 16K, 3 ni 64K. Kwa keneli zetu baiti hiyo husomeka 0x0a, 0x0c au 0x0e. Majibu matatu yasipokubaliana, mashine haiwashwi, au ikiwa imeshawaka inazimwa, na sababu inaandikwa kwa maneno.

Kizuizi hicho kilifanya kazi mara ya kwanza jioni ileile nilipokiweka. Safu ya 16K ilikataa kuanza: baiti ya 24 ilikuwa 0x0a. Nilikuwa nimenakili Image ya 4K kwenye folda ya 16K mchana, nikiwa nabishana kuhusu rangi.